Maniema: Solo ya jazz kwa gitaa la nailoni, somo linalowezekana Kasongo na Kabambare bila umeme

Kusini mwa jimbo la Maniema, kijana anayetaka kuwa mpiga solo hukutana mapema na vizuizi vitatu. Gitaa la umeme linataka jenereta, na jenereta inataka mafuta. Nyuzi zikikatika, za kununua hazipatikani sokoni kila siku. Na shule za muziki zinazojulikana nchini, kama vile Institut National des Arts (INA) ya Kinshasa, ziko mbali na Kasongo, na mbali zaidi na Kabambare.

Lakini kuna chombo kimoja ambacho hakina shida na kizuizi cha kwanza: gitaa la mbao lenye nyuzi za nailoni, lile ambalo vijana wengi wanalishika kwa mara ya kwanza kwenye kwaya. Mara nyingi linachukuliwa kama gitaa la kuanzia tu, la kusindikiza nyimbo za misa na ibada hadi mtu apate lenye umeme. Historia ya jazz inasema vingine. Baadhi ya solo zinazoheshimiwa zaidi duniani zimepigwa kwenye gitaa la aina hiyohiyo. Na kwa mtu aliyelelewa na sebene, njia ya kuzifikia ni fupi kuliko anavyodhani.

Gitaa la kanisa lililoongoza orodha ya Marekani

Mwaka 1954, Mmarekani Charlie Byrd alikwenda Siena, Italia, kusoma kwa Mhispania Andrés Segovia, bingwa wa gitaa la muziki wa klasiki. Aliporudi kwao hakubaki na klasiki peke yake. Alichukua gitaa lile la nailoni, akaanza kulipigia jazz kwa vidole vitupu. Tarehe 13 Februari 1962, yeye na mpiga saksofoni Stan Getz walirekodi albamu Jazz Samba mjini Washington, katika ukumbi wa kanisa la All Souls. Mwaka 1963 albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya jarida Billboard.

Afrika nayo ina mfano wake, na huo unawahusu zaidi vijana wa Kasongo na Kabambare. Lionel Loueke alizaliwa Benin mwaka 1973. Alianza na ngoma, na gitaa alilishika akiwa na umri wa miaka 17. Alihangaika karibu mwaka mzima kutafuta pesa za kununua la kwake. Nyuzi mpya hakuziweza, kwa hiyo za zamani alizilowesha kwenye siki ili ziendelee kulia. Zilipokatika, aliweka waya wa breki ya baiskeli. Jazz ilimfikia kupitia rekodi ya George Benson ambayo rafiki alirudi nayo kutoka Paris.

Kutoka hapo Loueke alikwenda Côte d'Ivoire kusoma muziki, kisha Paris, kisha shule ya Berklee mjini Boston. Mwaka 2001 alichaguliwa kuingia Thelonious Monk Institute, Los Angeles, mbele ya wasikilizaji kama mpiga piano Herbie Hancock na mpiga saksofoni Wayne Shorter. Baadaye Hancock alimchukua katika kundi lake mwenyewe. Mwaka 2008 Loueke alitoa albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Blue Note, na jina lake ni neno ambalo kila mkaaji wa Maniema analijua: Karibu.

Gitaa lake ni la nailoni. Mara nyingine huchomeka kipande cha karatasi kati ya nyuzi ili sauti ikauke na kukwaruza kama ya likembe. Hakuna mashine katika ufundi huo; ni karatasi tu na sikio linalojua likembe inavyolia.

Jina la jazz lilitangulia kufika

Neno jazz si geni katika Kongo. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika kulikuwa na Tabora Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz; Tabora yenyewe ni mojawapo ya miji ambamo wajukuu wa Wamanyema waliovuka zamani bado wanaishi. Katika majina hayo yote, jazz ilimaanisha orkestra ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta. Muziki uliopigwa ulikuwa rumba.

Hata hivyo, jazz ya kweli ilipita pia. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazz, alifika Léopoldville na gitaa la umeme na kuanzisha kampuni ya kurekodi ya CEFA. Wapiga gitaa wa mji huo walimtazama kwa karibu. Mwishoni mwa Oktoba 1960 Louis Armstrong alipiga tarumbeta yake Léopoldville, na mwezi uliofuata alifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Upande wa Katanga ya zamani, ambayo ilipakana na Kasongo na Kabambare kwa kusini, kulikuwa tayari na bwana wa gitaa lisilo na umeme. Mwenda Jean Bosco, wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, lakini msikilizaji alidhani wanapiga watu wawili. Mtafiti David Rycroft alichambua muziki wake katika jarida African Music mwaka 1961 na 1962, akaonyesha kwamba Mwenda hakuwa akirudia wimbo uleule kama ulivyo. Kila mara aliugeuza papo hapo, akipanga vipande vyake upya.

Huo ndio moyo wa jazz, na ulikuwa ukipigwa na mtu aliyeimba kwa Kiswahili. Maniema yenyewe ilimtoa Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akajulikana mbali na Super Matimila.

Sebene na jazz: zinapokutana, zinapoachana

Anayejua sebene ana nusu ya kazi mkononi. Katika sebene, mpiga solo huchukua kifungu kifupi, anakirudia, halafu anakibadilisha kidogo: noti moja juu, pigo moja nyuma, kisha anarudi. Anasikiliza wachezaji, anasikiliza ngoma, anajua wakati wa kuongeza moto. Mtu aliyesoma jazz kwenye vitabu tu anaweza kumaliza miaka mingi kabla ya kupata mwendo huo.

Tofauti kubwa iko kwenye akordi, yaani noti zinazopigwa pamoja chini ya solo. Sebene nyingi huzunguka juu ya akordi mbili au tatu, kwa mfano do, fa na sol, na mzunguko huo haubadiliki hadi mwisho. Mpiga solo anaweza kubaki ndani ya ngazi moja ya do bila kukosea.

Katika jazz, akordi zinahama. Wimbo una umbo linalojulikana: vipimo 12 kwa blues, 16 au 32 kwa nyimbo nyingine. Wapigaji huanza na wimbo wenyewe, kisha kila mmoja anapata zamu ya solo juu ya akordi zilezile, mzunguko baada ya mzunguko, na mwishoni wote wanarudi kwenye wimbo. Katikati, ngazi inaweza kuhama ghafla. Noti iliyokuwa tamu sekunde mbili zilizopita inageuka chungu. Kwa hiyo mpiga solo lazima ajue wakati wote yuko kwenye akordi gani na inayofuata ni ipi.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Wanajifunza ngazi nyingi za vidole, wanazikimbiza juu na chini, na matokeo yake ni mbio zisizosema neno. Dawa inayofundishwa na walimu wengi wa jazz ni ndogo kuliko hapo, na inaweza kuanza na noti mbili.

Zoezi la noti mbili

Njia iliyo ya kawaida zaidi katika jazz ina akordi tatu zinazofuatana: re mineur 7, sol 7, do majeur 7. Noti zake ni hizi:

Re mineur 7: re, fa, la, do.
Sol 7: sol, si, re, fa.
Do majeur 7: do, mi, sol, si.

Katika kila akordi, noti mbili ndizo zinazobeba sura yake: ya tatu na ya saba. Kwa re mineur 7 ni fa na do. Kwa sol 7 ni si na fa. Kwa do majeur 7 ni mi na si. Mtu akizipiga hizo mbili tu, sikio linaisikia akordi nzima.

Kwenye shingo ya gitaa, zote ziko chini ya vidole. Tuhesabu kaze, yaani nafasi kati ya chuma na chuma, kuanzia kichwa cha gitaa. Uzi wa nne ni re, uzi wa tatu ni sol.

Kwa re mineur 7: uzi wa nne kaze ya 3 (fa), uzi wa tatu kaze ya 5 (do).
Kwa sol 7: uzi wa nne unabaki kaze ya 3 (fa), uzi wa tatu unashuka kaze ya 4 (si).
Kwa do majeur 7: uzi wa nne unashuka kaze ya 2 (mi), uzi wa tatu unabaki kaze ya 4 (si).

Kila mara kidole kimoja kinakaa na kingine kinashuka kaze moja. Ukipiga polepole, mapigo manne kwa kila akordi, utasikia wimbo unatembea peke yake kwenda nyumbani. Huo tayari ni mwanzo wa solo.

Hatua ya pili ni kuziachanisha: pigo moja fa, pigo jingine do, na pumziko katikati. Hatua ya tatu ni kuingia kila noti kwa mlango wa chini, yaani kugusa kaze iliyo kabla yake kisha kupanda. Ukitaka mi, gusa kwanza re diezi. Hatua ya nne ndiyo ile ambayo mtu wa sebene anaijua tayari: chukua kifungu kimoja, kirudie mara mbili, cha tatu kigeuze. Baada ya hapo zoezi zima linahamishwa kwenye ngazi nyingine, fa, sol, si bemoli, hadi vidole vizoee shingo nzima.

Nailoni ina tabia zake

Gitaa la nailoni halikubali kila kitu. Mshindo wake unakufa haraka kuliko wa chuma, na noti ndefu ya kulia kama ya gitaa la umeme haipatikani. Kuvuta uzi pembeni ili sauti ipande, kama wafanyavyo wapiga blues wa umeme, kunaleta kitu kidogo tu. Shingo ni pana, karibu milimita 52 pale kwenye kichwa, wakati gitaa la chuma lina karibu 43. Na mwili wa gitaa unaanza kwenye kaze ya 12, kwa hiyo noti za juu kabisa ni ngumu kuzifikia.

Mpigaji mwerevu anageuza mipaka hiyo kuwa mtindo. Kwa kuwa noti haidumu, anapiga vifungu vifupi vyenye mapigo yaliyo wazi. Kwa kuwa kuvuta hakusaidii, anateleza kutoka kaze moja hadi nyingine, au anatikisa kidole kufuata urefu wa uzi. Na kwa kuwa anapiga kwa vidole, anaweza kutoa noti mbili au tatu kwa mara moja bila kukwaruza zilizo katikati. Noti mbili sambamba, za umbali wa tatu au wa sita, ni lugha ya zamani ya gitaa la Kongo. Kwenye nailoni zinalia tamu, na zinafaa kabisa ndani ya solo ya jazz.

Mkono wa kulia una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kubadilishana kidole cha shahada na cha kati, kama wafanyavyo wapiga klasiki. Ya pili ni ile ya Mwenda, gumba na shahada, ambayo inatoa pigo lenye nguvu na mwendo wa ngoma. Anayelima au kuchimba hawezi kufuga kucha ndefu. Si kizuizi, kwa kuwa nyama ya kidole inatoa sauti nyororo zaidi na inatosha.

Shida kubwa ni sauti ndogo. Ngoma mbili na sauti za kwaya zikiingia, nailoni inamezwa. Kwa hiyo lazima kundi zima lipange: solo ikianza, ngoma zinashuka, waimbaji wananyamaza au wanavuma chini, na msindikizaji anapiga nusu ya nguvu. Katika jazz hiyo ni adabu ya kawaida. Anayepewa zamu anaachiwa nafasi.

Nyuzi: sumu ya waya wa chuma

Habari ya Loueke na waya wa breki isichukuliwe kama ushauri. Gitaa la nailoni limejengwa kwa mvuto mdogo. Nyuzi zake sita kwa pamoja zinavuta karibu kilo 40, wakati nyuzi za chuma zinaweza kupita kilo 70. Mengi ya magitaa ya nailoni hayana fito ya chuma ndani ya shingo. Ukiweka nyuzi za chuma, au waya wa kinga, shingo inapinda na kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo kinang'oka. Mtu akishapoteza gitaa kwa njia hiyo, kulitengeneza kunataka fundi na gundi nzuri.

Kwa nyuzi tatu nyembamba kuna njia salama zaidi, na iko karibu na mto Lualaba. Nailoni ya gitaa ni ndugu wa uzi wa mvuvi. Kabla ya Vita Kuu ya pili ya dunia, magitaa ya klasiki yalivalishwa nyuzi za utumbo wa wanyama. Miaka ya 1940, vita ilipoleta uhaba, fundi Albert Augustine wa New York alitengeneza za nailoni na Segovia akazikubali. Leo anayekosa za dukani anaweza kujaribu uzi wa kuvulia samaki ulio laini na wa unene uleule kote: karibu milimita 0,7 kwa uzi wa kwanza, 0,8 kwa wa pili, na 1 kwa wa tatu. Sauti haitakuwa safi kama ya nyuzi zenyewe, lakini gitaa halitavunjika.

Nyuzi tatu nene hazina mbadala rahisi, kwa kuwa ni nailoni iliyozungushiwa waya mwembamba. Mara nyingi uzi wa nne, re, ndio unaokatika kwanza. Anayepata mtu anayesafiri kwenda Kindu, Bukavu au Kalemie afanye vizuri kuagiza re mbili. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kunazirefushia maisha, maana jasho ndilo linalozila.

Gitaa lenyewe linaogopa jua na joto la mabati kuliko linavyoogopa kazi. Lisitundikwe ukutani chini ya bati wala kuachwa nje mchana. Mfuko wa kitambaa na kona yenye kivuli vinatosha.

Mwalimu ni sikio, na simu ni msaidizi

Kabla ya shule, wakubwa wa gitaa la Kongo walijifunza nyumbani na kwa wakubwa wao. Docteur Nico Kasanda alipiga solo ya African Jazz huku kaka yake Dechaud akimsindikiza. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alisafiri hadi Lubumbashi ili kukaa karibu na Mwenda, Edouard Masengo na Losta Abelo na kutazama vidole vyao. Njia hiyo bado ni nzuri: watu wawili, magitaa mawili, mmoja anasindikiza na mwingine anatafuta.

Asiye na mwenzake anaweza kutumia simu, hata ndogo yenye kinasa sauti tu. Anapiga akordi tatu za zoezi kwa dakika tano, anazirekodi, kisha anapiga solo juu ya kinasa chake mwenyewe. Hapo hahitaji mega za intaneti. Akienda mjini mahali penye mtandao, anaweza kujaza kadi memori nyimbo chache alizozichagua kwa makini. Solo moja iliyosikilizwa mara mia inafundisha kuliko mia zilizosikilizwa mara moja.

Kanuni ya zamani ya jazz ni kuimba kabla ya kupiga. Sikiliza kifungu cha sekunde tatu au nne, kisimamishe, kiimbe kwa mdomo hadi kikae. Ndipo ukitafute kwenye shingo. Kifungu ambacho mdomo hauwezi kukiimba, vidole vitakikariri tu bila kukielewa. Waimbaji wa kwaya wana faida kubwa hapa, kwa kuwa wengi wamefundishwa do, re, mi na wanajua kushika sauti yao wakati wengine wanaimba nyingine.

Kwa wimbo wa kwanza, Blue Bossa wa mpiga tarumbeta Kenny Dorham unafaa. Ulirekodiwa mwaka 1963 kwenye albamu Page One ya Joe Henderson. Una vipimo 16 tu. Unaanza katika do mineur, katikati unapanda nusu ngazi hadi re bemoli, kisha unarudi. Mwendo wake ni bossa ya Brazil, na mtu wa rumba hatapotea ndani yake, kwa sababu midundo yote miwili ina mizizi ya Afrika. Baada ya huo, blues ya vipimo 12 katika la: La7 vipimo vinne, Re7 viwili, La7 viwili, Mi7 kimoja, Re7 kimoja, La7 viwili.

Nusu saa kila siku inatosha kuanzia. Dakika tano za kusawazisha nyuzi, maana nailoni mpya inalegea kwa siku kadhaa. Kumi za zoezi la noti mbili katika ngazi moja. Kumi za kuiga kifungu kimoja kwa sikio. Tano za mwisho ni za kupiga unachotaka, bila kusimama hata ukikosea.

Kinachoshindaniwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na jazz mahali ambapo arusi inataka sebene. Jibu liko palepale kwenye arusi. Leo flashi moja na spika vinaweza kutoa sebene ya Kinshasa usiku kucha, kwa bei ndogo kuliko ya orkestra. Mpiga gitaa anayenakili tu rekodi anashindana na flashi hiyo, na atashindwa, kwa kuwa flashi haichoki wala haidai chakula. Lakini flashi haiwezi kumwona bibi arusi anaingia na kubadilisha wimbo papo hapo. Haiwezi kumjibu mpiga ngoma. Haiwezi kuchukua wimbo wa kilio wa kijiji na kuupa mwendo ambao wafiwa hawajawahi kuusikia.

Kazi hiyo ndiyo Mwenda aliifanya kwa vidole viwili, na ndiyo mazoezi ya jazz yanamrudishia mpigaji. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO kwenye urithi wa binadamu mnamo Desemba 2021. Urithi wa namna hiyo haulindwi na karatasi, unalindwa na watu wanaojua kuugeuza bila kuuvunja.

Katika eneo la Kabambare jambo hilo lina uzito wa pekee. Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, mapigano ya makundi yenye silaha yamefukuza familia mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Vijana wengi hutafuta maisha kwenye machimbo. Anayekimbia habebi jenereta wala spika. Gitaa la mbao linabebeka mgongoni, na alichokijua sikio na vidole kinakwenda na mwenyewe hadi anapofika.

Kwa parokia, shule na vikundi vya vijana vya Kasongo na Kabambare, hatua ya kwanza haihitaji mradi mkubwa. Magitaa mawili ya nailoni yaliyotunzwa, nyuzi za akiba, simu moja yenye kinasa sauti, na saa moja kwa wiki ambapo kila kijana anapewa zamu ya mizunguko miwili ya solo huku wengine wakimsindikiza na kumsikiliza.